Kabla Hujanoa, Papasa

"Kabla hujanoa, papasa." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe hivyo, mkacheka. Haya, endeleeni kupukuchua mahindi, masikio yenu hayana kazi. Msemo huu ulizaliwa kwetu Singida, uwanjani kwa mjane mmoja aliyeitwa Mughenyi, na aliyeuzaa ni kuku.

Mughenyi alikuwa na kuku kumi na wawili na jogoo mmoja, basi. Marehemu mumewe hakumwachia ng'ombe. Kuku hao ndio walikuwa chumvi yake, sabuni yake na madaftari ya watoto. Mkubwa wao aliitwa Bikizee, kuku wa miaka saba. Kutaga alikwisha kustaafu, lakini kuatamia! Mpe mayai ya kuku yeyote, atayaangua na kuwalea vifaranga kama wake.

Asubuhi moja Bikizee akakutwa amejikunyata kando ya banda, manyoya yamemsimama, pumba haitaki. Ntandu, mdogo wa marehemu, ambaye wiki ile alikuwa akimshonea Mughenyi magunia ya alizeti, akamtazama kwa mbali tu, akapaza sauti.

"Kideri hicho, shemeji! Kesho hutabaki na hata unyoya. Tuchinje wote leo, angalau tuwahi nyama."

Ntandu hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Mwaka uliotangulia kideri kilimfagilia kuku wake wote, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kisu kikapita juu ya jiwe, kwaru, kwaru. Jogoo ndiye aliyekuwa karibu, akawa wa kwanza.

Mughenyi alipoiona damu, akakimbilia bandani. Akamchukua Bikizee kifuani ili amuage. Lo! Vidole vyake vikagusa kitu chini ya shingo, pale kwenye kifuko cha chakula. Kigumu kama ngumi ya mtoto.

Akashtuka. Kuku mzima huamka kifuko kitupu, maana chakula cha jana hushuka usiku. Na huyu alikuwa hajadonoa chochote. Akatazama kinyesi chake, si cha kijani kama cha kideri. Shingo haikupinda. Wenzake wote walikuwa jalalani wanaparura.

"Shemeji, weka kisu chini. Hiki si kideri. Kuna kitu kimemkwama."

"Huruma itakumaliza wewe!"

"Nipe mpaka kesho asubuhi. Akizidiwa, nitakushikia mwenyewe, mmoja mmoja."

Ntandu akasonya, lakini kisu akakiweka.

Mughenyi akamfunika Bikizee kwa tenga, peke yake, bila chakula. Akawa anamdondoshea mafuta ya alizeti na maji ya uvuguvugu, tone kwa tone, kisha anakikanda kile kigumu taratibu. Asubuhi, mchana, jioni.

Kulipokucha uwanja ulikuwa kimya, hapakuwa na wa kuwika. Ntandu alifika jua limeshapanda, akamkuta shemeji yake amempakata kuku, amemfungua mdomo. Ncha ya uzi ilikuwa imejitokeza. Mughenyi akauvuta polepole, ukaja, umejisokota na majani makavu. Ulikuwa uzi wa magunia, ule ule ambao Ntandu alikuwa akiukata na kuutupa uwanjani.

Ntandu akautazama uzi, akayatazama manyoya ya jogoo pale chini.

"Nimekosa, shemeji. Jogoo wako nimemuua bure."

"Bure kabisa," Mughenyi akajibu, machozi yakimtoka. "Lakini kumi na wawili ninao."

Jioni Bikizee akadonoa pumba. Mwezi uliofuata akaatamia mayai tisa ya jirani mwenye jogoo. Na Ntandu, kwa miezi yote iliyofuata, aliamka gizani kila siku akaja kumgongea shemeji yake mlango, "Kumekucha!", mpaka watoto wakambandika jina la Jogoo. Hakukasirika. Aliacha siku kifaranga mmoja wa Bikizee alipojifunza kuwika.

Tangu hapo, Ntandu akisikia mtu anaharakisha hukumu, iwe ya kuku au ya mtu, humshika mkono na kumwambia: "Kabla hujanoa, papasa."