Hoteli ya Bi Mashavu Yapata Vitanda

Hapo zamani, katika mji wa Kigulunde, palikuwa na Liwali aliyekwenda Uingereza miezi mitatu, akarudi na kamusi nene kuliko mto wa kulalia. Basi akapiga mbiu: kila neno la Kiingereza lishike maana ya kwao, na atakayelipotosha atafungiwa kazi yake. Akaanza nyumbani. Mpishi wake, mzee wa wajukuu tisa, akafukuzwa kwa kuwa aliitwa boi, na kamusi ilisema boi ni mtoto wa kiume. Ikawa Liwali sasa anaagiza chakula kwa Bi Mashavu, mjane mwenye hoteli ya chumba kimoja.

Siku moja akamwita. "Bi Mashavu, hoteli ni nyumba ya kulala wasafiri. Kwako hakuna hata kitanda! Kesho nikisikia hakulali mtu, naifunga."

Loo! Maskini mama akalia, maana hakuwa na kingine cha kuwalishia wanawe wanne.

Kombo, kapuku aliyezoea kupewa ukoko wa bure pale hotelini, akamwambia, "Nyamaza, dada. Amri ya mkubwa hutiiwa." Wakatoa viti, wakaazima vitanda vinne, wakazima moto.

Kesho yake adhuhuri Liwali akamtuma askari chakula. Kombo akampokea mlangoni. "Karibu hotelini, afande. Lala."

"Nimefuata pilau mimi!"

"Liwali kaamuru hotelini watu walale. Wewe waipinga?"

Askari akalala. Akatumwa wa pili, akalala. Wa tatu akalala hata akakoroma. Alasiri Liwali akaja mwenyewe, tumbo likimnguruma.

"Chakula changu ki wapi?"

"Ewe Bwana wangu," akajibu Kombo, "neno hoteli lilikuja kwetu mgeni. Na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwao lililaza watu. Hapa lilitukuta na njaa, tukalishikisha mwiko, nalo limetulisha sote, wewe nawe. Ukitaka lirudie kazi ya kwao, haya, kitanda cha nne hicho."

Liwali akawatazama askari wake, akaangua kicheko hata akashika mbavu. "Umenipata, mwana wa watu! Amri nimeifuta yote. Bi Mashavu, washa moto!"

Bi Mashavu akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akapuliza makaa. Pilau ilipoiva viti vilikuwa bado nje kwa jirani, basi Liwali akala ameketi kitandani, sahani moja na Kombo, na paja la kuku akamwachia yeye.