Vidonge vya Bosi

Nimetumiwa hadithi hii na jirani, nami nawatumia nyinyi, hasa mnaofuga wanyama na kudai mnakumbuka kila kitu.

Mzee Ambakisye alikuwa mkuu wa shule mstaafu kule Tukuyu. Alikuwa na mbwa aitwaye Bosi, na Bosi alikuwa na kifafa. Daktari wa mifugo akampa vidonge vya kutuliza, vya kumeza kila asubuhi. Mzee naye alikuwa na vidonge vyake vya presha.

Dawa ya mbwa ilikuja kwenye bahasha yenye jina na maelekezo. Mzee akaiona bahasha inajaza kabati bure. Akavimimina vidonge kwenye kopo tupu la dawa zake za presha, bahasha akaitupa motoni. Kopo akaliweka ubavuni mwa kopo lake jipya.

Mkewe, Bi. Tusekile, alipoyaona makopo yanafanana kama mapacha, alishika kiuno.

"Baba Ipyana, lipi lako na lipi la mbwa?"

"La kushoto langu."

"Na nikiyahamisha nikifuta vumbi?"

"Usifute."

"Andika basi hata neno moja juu yake!"

"Mama Ipyana, nimeongoza shule nzima, kila mtoto nikimjua kwa jina. Leo nishindwe na makopo?"

Bi. Tusekile alisema asubuhi, akasema jioni, akasema mbele ya wageni. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Siku moja alirudi kutoka kuchuma mboga, akamkuta mjukuu wao Atupele, mtoto wa chekechea, amekaa sakafuni. Kopo moja limefunguka, vidonge vimetapakaa mapajani.

"Umekula? Sema, umekula?"

Mtoto akaangua kilio, asijibu. Bibi akambeba, akashika na lile kopo, akamwamsha mumewe kwenye kochi. Wakakimbizwa hospitali kwa gari la jirani.

Njia nzima Bi. Tusekile hakunyamaza. "Nilisema mimi! Nilisema mpaka koo likakauka!" Mzee alikuwa akipiga miayo tu. Walipofika, alijiegemeza kwenye benchi akafumba macho.

"Hata leo unasinzia? Mtoto yuko hatarini, wewe unasinzia!"

Daktari alimpima Atupele, asione tatizo. Akachuchumaa mbele yake. "Mtoto mzuri, ulimeza vile vidonge?"

"Sikumeza," mtoto akasema. "Babu ndiye alimeza. Na chai."

Wote wakageuka. Mzee alikuwa ameteleza mpaka sakafuni, anaitwa haitiki.

"Ni dawa gani hii?" daktari akauliza. Kopo lilisema presha, lakini vidonge havikuwa vya presha. Jina lenyewe lilishaungua na bahasha.

Bi. Tusekile akampigia simu daktari wa mifugo. Yule akaitaja dawa, na wauguzi wakaanza kazi mara moja. Kisha daktari wa mifugo akauliza, "Na Bosi je? Leo kameza nini?"

Hapo ndipo Bi. Tusekile alipokumbuka kwamba jana yake mumewe aliyavuruga makopo mwenyewe, akitafuta miwani kabatini. Mbwa alikuwa amepewa dawa ya presha.

Daktari wa mifugo hakungoja. Alikwenda mwenyewe, akamkuta Bosi amelala kando ya banda, miguu haina nguvu, akamtibu palepale.

Mzee alipofumbua macho wodini, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto yuko wapi?"

Bi. Tusekile alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja.

"Mtoto mzima. Mbwa mzima. Wewe ndiye umenichosha!"

Funzo: Dawa ya mnyama ibaki kwenye chombo chake chenye jina lake, mbali na dawa za watu na mbali na mikono ya watoto. Kichwa chako si lebo. Hakuna mwingine anayeweza kukisoma, na siku ukizimia, hata wewe huwezi.