Mikeka ya Bi Kazija Mlangoni mwa Bafu

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, jiji lilipata hoteli mpya ya ghorofa kumi na mbili. Tulieni niwasimulie, maana kisa hiki kila nikikitaja damu inanichemka.

Mwenye hoteli alimwajiri Noela, mbunifu wa vyumba kutoka bara, akamwambia anataka mgeni akifungua mlango ajue amefika Pwani. Noela alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Alichagua mapazia, akachagua taa, akapanga vitanda mpaka ukiviona unatamani usingizi. Ikabaki sakafu. Akamwita Sefu, mletaji wa vifaa, mzaliwa wa Pwani, akamwonyesha picha ya mkeka mdogo wenye umbo la yai. Akataka thelathini. Sefu alipoitazama tu alijua ni mkeka wa kuswalia. Akanyamaza, maana aliona akisema oda itapotea.

Sefu akaenda mtaa wa Mtoni kwa Bi Kazija, msusi wa mikeka, akamwambia hoteli inataka mikeka ya kuswalia ya vyumbani. Bi Kazija alifurahi hadi machozi. Akasuka miezi mitano, na hakugusa ukindu hata siku moja bila udhu.

Siku ya ufunguzi rasmi, wageni wakiwa wameshalala humo wiki mbili, akaalikwa kuja kuiona kazi yake. Akaja na majirani wawili, kanga mpya, manukato. Wakafunguliwa chumba ghorofa ya saba. Mkeka ulikuwa wapi? Mlangoni mwa bafu, umelowa, una alama ya ndala. Watu wanafutia miguu! Wale majirani wakageuka, wakashuka bila kumngoja. Kufika alasiri, Mtoni nzima inasema Kazija amesuka mikeka ya kuswalia ikakanyagwe chooni. Kina mama waliokuwa wameagiza kwake wakatuma watu waseme wasisukiwe tena. Miaka arobaini ya jina zuri, ikaenda kwa siku moja.

Lakini Bi Kazija alikuwa ameona jambo jingine. Mkeka ulilazwa kifudifudi, uso chini. Akaingia chumba cha pili, cha tatu, kote hivyohivyo. Akauliza nani anatandika vyumba hivi. Akaletwa Zuhura, mama wa makamo, mfanyakazi wa usafi.

"Wewe ulijua," Bi Kazija akamwambia. "Asiyejua hageuzi."

Zuhura akalia. Akakiri alijua tangu siku ya kwanza. Ila aliambiwa kila kitu kikae kama kwenye picha ya Noela, atakayehamisha hata mto hana kazi, na yeye ana watoto wanne. Akaona angalau augeuze, nyayo zisiguse uso wake.

Noela akaitwa. Akasema yeye hakujua, naye hakuona aibu kusema hakujua. "Ndiyo maana nikamchukua mtu wa Pwani," akasema, "anizuie nikikosea."

Sefu, aliyekuwa ameitwa pamoja naye, akasema kwa hasira kwamba habari za bafu hakuambiwa. Alidhani mikeka itatundikwa ukutani, kama watu wa mapambo wanavyofanya. Akamgeukia Noela, akamuuliza kwa nini hakuuliza kitu kile ni cha nini kabla ya kukitupa chini.

Wakabishana hapo, mmoja akimsukumia mwenzake, na Bi Kazija amesimama na mkeka wake mbichi mkononi. Mimi ningewatia makofi. Yeye hakuwatia. Alisema hivi:

"Ijumaa, mchana kweupe, mmoja wenu ajitwike mikeka yote thelathini, apite Mtoni mlango kwa mlango, aseme kosa ni lake. Mmoja. Mkija watatu mtagawana aibu, nayo itawawia nyepesi. Jina langu halikugawanywa."

Basi Ijumaa imefika. Bunda limefungwa kamba, limewekwa kwenye ngazi za hoteli. Noela yupo, Sefu yupo, Zuhura yupo, wanatazamana. Bi Kazija amekaa kizingitini kwake, mlango wazi, na hakuna jirani aliyemwamkia tangu asubuhi.

Na asiniambie mtu hapa kwamba ni wote, hilo ni jibu la waoga. Asiyejua akauliza picha badala ya watu, aliyejua akanyamaza mapema, au aliyejua akageuza kila siku kwa mkono wake: je, nani alistahili kujitwika bunda lile?