Mwonjaji wa Sultani na Mtambo wa Shemeji

Palikuwa na sultani mmoja, Zulfikari, tumbo mbele, akili nyuma. Alijenga mtambo wa umeme wa nyuklia pale Kichakani, akamkabidhi shemeji yake, Harithi. Wakaguzi wakaja, wakasema bomba moja lina ufa. Sultani akawatimua. "Mtambo ni wa shemeji, ataukagua mwenyewe!" Harithi akaukagua, akajiandikia cheti, akajivika na medali. Haya hawana watu hawa, jamani!

King'ora cha hatari kikalia mara tatu kwa wiki moja. Watu wa Kichakani wakataka wakaguzi warudi. Wapi! Ikaja amri: kila mtu atie dole gumba kwenye karatasi kwamba mtambo ni salama. Asiyetia, nyumba yake inabomolewa. Wakatia wote, roho mkononi. Akabaki Bi Kazija, mpishi wa shughuli, mwanamke asiyemeza neno.

Sultani akamwita aje apike biriani ya karamu ya mtambo, kisha atie dole mbele ya wageni.

Sinia likatua. Desturi ya kasri, Sultani hagusi tonge mpaka mwonjaji wake, mtu asiye na undugu wala urafiki na mpishi, aonje kwanza. Mwonjaji akasogea. Bi Kazija akamzuia kwa mwiko.

"Kakae, baba. Nimeshaonja mwenyewe."

"Shahidi nani?" akauliza Sultani.

"Mimi. Na cheti ninacho, kasaini shemeji yangu."

"We mwanamke, una wazimu? Shemeji yako anajua nini habari za chungu chako?"

"Ananipenda sana, mtukufu."

"Kupenda ndiko kukagua?"

"Nimepika miaka thelathini, sijaua mtu."

"Ndiyo uanze na mimi?"

"Kula, bwana. Biriani inapoa."

Sultani akalisukuma sinia, mchuzi ukamrukia Harithi kwenye medali. "Sili! Mwenye chungu hajikagui! Anayemfukuza mwonjaji ana analolificha!"

Harithi akamkanyaga mguu chini ya meza. Lo, kachelewa! Ukumbi mzima ulishasikia.

Bi Kazija akafuta dole gumba lake kwenye kanga, akamgeukia karani mwenye ile karatasi.

"Karani, futa hayo, andika haya aliyosema sasa hivi. Natia dole."