Mwalimu wa Watoto wa Simba

Zamani sana, wanangu, wanyama wakiwa bado na nyumba na mafiga, palikuwa na pimbi jike aitwaye Zamda. Siku moja alirudi kutoka kutafuta majani, akakuta wanawe wawili wameliwa. Mlangoni palikuwa na nyayo za jirani yake, simba jike Bi Mwamvua.

Zamda alilia, kisha akafuta machozi. Msimu uliofuata alikwenda kubisha kwa Bi Mwamvua, ko, ko, ko.

"Bi mkubwa, nasikia unatafuta mwalimu wa watoto."

"Watajua kuwinda?"

"Watajua majibu yote."

"Basi sitakugusa."

Watoto walikuwa wawili, Shombe na dada yake Kidawa. Zamda akawachorea alama za kwato kwenye vumbi. "Hii ya pundamilia. Hii ya nyumbu. Semeni."

Wakasema mpaka sauti zikakauka.

Kidawa akauliza, "Mwalimu, umejuaje? Na huyu nyumbu alikuwa anakwenda wapi?"

"Mwanafunzi mzuri hasumbui mwalimu. Rudia."

Kidawa akarudia. Baada ya mwezi hakuuliza tena.

Bi Mwamvua aliwajaribu kwa michoro ileile, wasikose hata mmoja. Akapika supu, akaita majirani waje kuwasikiliza.

Masika yalipoingia, twiga alimpiga Bi Mwamvua teke, pu, taya likavunjika. "Nendeni mkawinde," aliwaambia wanawe kwa shida.

Wakakuta nyayo kwenye tope, nusu zimefutwa na mvua.

"Hizi hatukuchorewa," alisema Shombe.

"Tumsubiri mwalimu," alisema Kidawa.

Swala wakapita nyuma yao, watoto wasigeuke hata kutazama.

Siku zikapita bila nyama. Asubuhi moja Shombe hakuamka.

Bi Mwamvua akajikokota hadi kwenye jabali la Zamda. "Mwalimu, wanangu walijua kila kitu. Mbona wanakufa njaa?"

"Walijua nilichowaambia. Kutafuta wasichokijua niliwakataza."

"Tulikukosea nini?"

"Uliwala wanangu wawili, hapahapa mlangoni."

"Sikumbuki," alisema simba.

"Najua."

Zamda akaingia ndani, akafunga mlango. Alidhani siku hiyo angekula kwa raha. Lakini alikisukuma chakula kando.

Basi ndivyo ilivyokuwa, wanangu: mtoto aliyekatazwa kuuliza ameibiwa, hata akijua majibu yote.