Ukili Uliokazwa

Mwanamke mmoja, jina lake Mize, alikuwa na mdogo wake wa kuozwa, Salme, na mama hawakuwa naye tena. Mama yao alipokuwa akifa alimwambia Mize, "Salme asikalie mkeka wa kununua siku ya harusi yake." Mize akaitika. Tangu hapo alilala na ahadi ile na kuamka nayo.

Akakata ukindu, majani ya kusukia mkeka, akauchemsha, akautia rangi. Wanawake wa jirani wakaja kumsaidia kuuchambua, kama ilivyo desturi yao. Hadia, dada wa mumewe, akaitazama mikono ya Mize, akacheka: "Wifi, kwa mkono huo mkeka wako utafaa kuanikia mpunga!" Wote wakaangua kicheko. Mize naye akacheka, lakini kwa meno tu. Neno lile liliingia moyoni likakaa kitako.

Akaanza kusuka ukili, ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Kila alipolikumbuka neno, vidole vilivuta. Alipolisahau, vililegea. Akasema moyoni kwamba aliyemtia uchungu ndiye atakayeutoa, na kwamba atamngoja aje amwombe radhi. Hadia alikuja mara nyingi. Alileta uji wa mtoto wa Mize. Alimchukua mtoto akamwogesha, ili Mize apate nafasi ya kusuka. Radhi hakuomba. Na Mize hakuuona uji wala yale maji ya kuogeshea mwanawe. Aliuona ulimi tu. Akavuta.

Harusi ikakaribia. Wakaketi wawili kushona, Mize upande huu, Hadia upande ule, mtoto amelala mgongoni kwa shangazi yake. Walipoutandika mkeka, ulikataa kulala. Katikati ulivimba, pembe zikajikunja, kwa kuwa ukili mwembamba uliokazwa ulikuwa ukiuvuta ule mpana.

Hadia akapapasa, akashangaa. "Wifi, hapa pamekazwa hivi na nani?"

Mize akamtazama. Usoni mwa Hadia hamkuwa na kejeli wala hofu. Neno lile alikwisha kulisahau, huenda siku ileile. Jibu likamfika Mize mdomoni: ni wewe. Lingekuwa tamu kulisema. Lakini ukili ulikuwa mapajani pake, na vidole vilivyousuka ni vyake, na hapakuwa na mtu aliyevishika. Hadia alilisema neno mara moja. Aliyekuwa akilisema kila asubuhi ni nani?

"Ni mimi, wifi," akasema. "Siku ile ya mpunga uliniudhi, lakini kuvuta nimevuta mwenyewe."

Hadia akashika mdomo. Akaomba radhi, tena kwa machozi, na Mize akaipokea. Lakini hakungoja machozi yakauke. Alikuwa ameshaanza kufumua.

Siku zilizobaki zilikuwa chache. Aliulowesha ukindu, akausuka upya. Neno lilirudi, maana neno lililoombewa radhi nalo hurudi. Kila liliporudi aliuweka ukili chini, akanywa maji, akavinyoosha vidole mpaka vikatulia, kisha akaendelea. Mara nyingine alikaa hivyo muda mrefu, na harusi inakuja. Hadia alimpikia, alimfulia, alimbebea mtoto. Safari hii Mize aliyaona yote, akashukuru. Lakini ile kazi ya kutuliza vidole aliifanya peke yake, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angeiweza.

Salme alikalia mkeka uliolala sawasawa.

Basi wewe unayemngoja aliyekuudhi aje akutulize: ikiwa yeye amekwisha kusahau, utangoja mpaka lini?