Jumapili Isiyo na Mgonjwa

Ketini. Na hiyo "Bwana asifiwe" msiniitikie kwa sauti ya watu wanaowaza chakula cha mchana. Mchungaji amenipa dakika kumi. Tangu nihitimu ni miaka mitatu, na hizi ndizo dakika za kwanza mtu amenipa za kufanya kitu, so nitazitumia zote.

Kulikuwa na mama mmoja katika kanisa moja. Si hili. Relax. Kanisa lingine, lenye mabati kama haya, lenye vipaza sauti kama hivi vyetu vinavyosikika mpaka sokoni, lakini si hili.

Mama huyo alikuwa mjane. Alimlea binti yake kwa kufulia watu nguo, akamsomesha, binti akapata kazi mbali, pwani huko. Sasa wazazi wengine wakifika hapo hupumzika. Huyu hakujua kuacha. Alipomaliza kulea wake, akaanza kulea wa watu.

Alikuwa na daftari. Lile la shule, kurasa tisini na sita, jalada limechakaa. Kila Jumamosi mchana aliandika humo majina ya wagonjwa wa wiki, na Jumapili asubuhi alimpa mzee wa kanisa, yule wa kusoma matangazo. Mzee anasoma: fulani ana shinikizo la damu, fulani amevunjika mkono, fulani amejifungua kwa shida. Kanisa linaitikia, "Bwana awaponye!" Kwa nguvu. Wengine mpaka wanafumba macho. Halafu tunaenda kwenye tangazo la harusi.

Na Jumatano? Jumatano mama anatoka peke yake na thermos ya uji na mfuko wa bandeji.

Mlisikia? Kanisa zima linaitikia. Mtu mmoja anatembea.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa sukari, mguu una kidonda kisichofunga. Mama alikuwa anamwosha kwa maji ya chumvi, anafunga bandeji mpya, wanagombana kidogo kuhusu chai yake ya sukari, anaenda zake. Miaka saba. Hata wiki aliyomzika dada yake, Jumatano alikwenda. Mzee alimwambia, "Wewe mama, si upumzike, una msiba." Akajibiwa, "Na mguu wako una likizo ya msiba?"

Huyo ndiye mama tunayemzungumzia.

Basi wiki moja mama akashikwa na kifua. Alianza na kukohoa, ikaja homa, akasema ni baridi ya mvua, itapita. Jumamosi akaandika daftari lake kama kawaida. Simu ikazima chaji, na kwake hakuna stima, huwa anachajisha dukani. Jumapili asubuhi akavaa kitambaa chake cheupe cha Chama cha Akina Mama, akafika mlangoni kwake, miguu ikakataa. Akarudi kitandani na kitambaa kichwani.

Nyumba yake ilikuwa wapi? Nyuma ya kanisa. Ukitoka kwa mlango wa madhabahu, unafika kwa ua wa michongoma, ng'ambo ya michongoma ni mlango wake. Mtoto anaweza kurusha jiwe likafika. Na watoto wa Sunday School walikuwa wanarusha.

Sasa matangazo. Mzee wa kanisa ananyoosha mkono apokee daftari, hakuna daftari. Anaangalia ndani ya Biblia. Anapapasa mfuko wa koti. Anatazama kiti cha mama, kiko wazi. Mama mmoja hapo nyuma anasema, "Labda ameenda kwa binti yake." Labda! Nchi hii imejengwa juu ya hilo neno.

Mzee akashika kipaza sauti. Na hapa ndipo mimi huwa nashindwa kulala. Akasema: "Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Leo hatuna mgonjwa hata mmoja!"

Vigelegele. Kayamba zikatoka. Wakaimba wimbo wa shukrani beti zote, zile ambazo kwa kawaida mnaruka.

Mimi nilisoma takwimu chuo kikuu. Cheti kiko chini ya godoro, kinanyooka. Lakini kwa jambo hili huhitaji hata cheti cha darasa la nane. No data si zero! Daftari lisipokuja, hujaambiwa hakuna wagonjwa. Umeambiwa aliyekuwa anawahesabu hayupo. Swali la kwanza lilikuwa liwe, yuko wapi? Watu mia mbili na hamsini, walimu humo, mkunga humo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Kwa nini? Kwa sababu jibu la kuimba lilikuwa tamu kuliko jibu la kuvuka michongoma.

Na vipaza sauti vinasikika mpaka sokoni, nimeshawaambia. Kwa hivyo fanyeni hesabu wenyewe kama alisikia.

Jumatano ikaja. Ng'ambo ya mto yule mzee akanyoosha mguu wake kwa kigoda, akangoja. Hadi jioni.

Alhamisi binti akapiga simu kutoka pwani. Akampigia mzee wa kanisa.

"Mzee, samahani kukusumbua. Simu ya mama imezima tangu Jumamosi. Umemwona?"

"Mama yako?" Mzee akacheka. "Mama yako ni chuma, binti yangu. Saa hii yuko kwa mgonjwa fulani huko vijijini. Tena nikupe habari njema: Jumapili hatukuwa na mgonjwa hata mmoja!"

Binti akauliza, "Sasa mzee, kama hakuna mgonjwa, mama ameenda kumwona nani?"

"Eeh? Hallo? Network inapotea, binti. Nakusikia nusu nusu. Tutamwambia umepiga!"

Mnacheka. Chekeni tu. Huyo mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Mungu mwenye shughuli nyingi, na hao ndio wanaoniogopesha. Aliwaza kupita pale jioni. Akawaza vile vile Ijumaa. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa kamati, kupanga ibada maalum, maana habari ilikuwa imeenea: kanisa bila mgonjwa!

Jumapili ya pili. Yule mwenye mguu alitoka kwake alfajiri na fimbo mbili. Mwendo ambao wewe na mimi tunaumaliza kwa nusu saa, yeye ulimchukua mpaka saa nne na nusu. Alivuka daraja la miti kwa makalio. Bandeji ilikuwa ya Jumatano ya wiki juzi, mnaweza kuiwaza harufu. Hakupitia kanisani. Alikwenda moja kwa moja kwa mlango ule, akausukuma.

Mama alikuwa kitandani, midomo imepasuka, kikombe kikavu sakafuni. Kitambaa cheupe bado kichwani.

"Mama, ni mimi."

Akafumbua macho. "Umekuja na huo mguu? Huna akili?"

"Wewe hukuja."

"Nani amekufunga bandeji?"

"Hakuna mtu."

"Basi keti, niku..." Akajaribu kuinuka. Mzee akamrudisha chini kwa kiganja kimoja tu, alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Wakati huo huo ng'ambo ya michongoma kipaza sauti kikapiga kelele: "Wiki ya pili! Wiki ya pili bila mgonjwa!" Na kayamba.

"Wamefurahia nini?" mama akauliza.

Mzee alitaka kumdanganya. Hakupata uongo. "Wanasema hakuna mgonjwa, mama."

Mama akasikiliza mpaka ubeti ukaisha. Kisha akaonyesha meza kwa kidole. "Wapelekee daftari. Wanalikosa."

Mzee mwenye mguu akaingia kanisani kwa mlango wa nyuma katikati ya wimbo. Kwanza iliingia harufu. Watu wakageuka, wimbo ukafa safu kwa safu, mpaka akabaki mpiga kinanda peke yake, naye akaacha. Mzee wa kanisa akashuka na tabasamu. "Baba, karibu, keti hapa nyuma, tunashukuru..."

"Soma," akaambiwa, akasukumiwa daftari.

"Baba, leo si..."

"Wewe soma. Mimi macho yangu hayaoni mbali."

Akasoma kwa kipaza sauti, kwa sababu mkono wake haukujua njia nyingine ya kusoma lile daftari. Alisoma hivi: "Mwenye mguu, ng'ambo ya mto. Chumvi imemwishia. Mama wa mapacha, hajatoka kitandani, maziwa yamekataa. Kijana wa digrii, nyumba ya bati la kijani. Si homa. Hatoki nje. Msimpe mawaidha, mpelekeeni chakula."

Huyo kijana msimtafute kwa macho. Endeleeni kuniangalia mimi.

Jina la mwisho mzee wa kanisa alilisoma kwanza kimya. Kisha kwa sauti, maana watu walikuwa wanangoja. "Mimi mwenyewe. Kifua. Akipatikana mtu apite baada ya ibada. Si mbali."

Si mbali.

Walikimbia. Wote! Wamama wakavua viatu, vijana wakavunja michongoma, mchungaji na joho lake. Chumba kikajaa, ua ukajaa, wengine wakapanda kwenye ngazi ya tangi la maji waone. Katika miaka yote ya kanisa lile hakuna mgonjwa aliyewahi kutembelewa na watu wengi hivyo. Walimkuta bado ana joto. Yeye hakuwako.

Na mazishi yalikuwa makubwa, don't worry. Fulana zilichapishwa, picha yake kifuani, na maneno "Mama wa Imani na Huruma." Binti alipewa nafasi ya kuzungumza. Alisema sentensi moja: "Nilipiga simu." Akaketi.

Sasa sisi. Mlifikiri nitamaliza kwa wale wa kanisa lingine? Sisi hapa, ni nani kati yetu anayejua mlango wa mama anayetuandikia wagonjwa? Nani amewahi kumuuliza yeye anaumwa wapi? Tumempata mtu mmoja mwenye huruma, tukamwachia huruma yote, halafu tunamsifu vile anaibeba. Tukimwona amechoka tunasema ni chuma. Mama wa watu anakohoa, tunasema ni chuma! Chuma hakikohoi, wapendwa.

Dakika zangu zimeisha, naona mchungaji anaangalia saa. Nina kitu kimoja tu. Hili hapa ni daftari, nimelinunua jana, kurasa tisini na sita, ni tupu. Nitaliweka kwa hiki kiti cha mbele, safu ya akina mama, kiti cha yule anayetuandikia wagonjwa. Leo ni Jumapili ya tatu kikiwa wazi. Mlikuwa mmegundua?

Mwalimu wa kwaya, tafadhali usianzishe wimbo. Mlango wa nyuma uko wazi. Si mbali.